Sheikha na Radhi ya Bi Miska

Sheikha binti Hamad bin Harith, wa Wete, Pemba. Bibi yake alizalisha nusu ya mtaa na hakupoteza mama hata mmoja. Baba yake alisomesha chuo cha Kurani miaka arubaini. Yeye mwenyewe, hapa Landani, ameogesha na kulisha wazee wa watu miaka ishirini na sita, na hajamwangusha mtu. Tena ameandika riwaya. Nataka lijulikane hilo, maana wapo waliosema mwanamke wa kazi ya kea, ya kutunza wazee, hawezi.

Hadithi alizipata wapi? Kwenye vitunguu. Kila arusi na kila khitma hapa Edmonton, wenzake tulikimbilia masufuria, yeye akachukua kisu na gunia la vitunguu. Pale watu husema yao, na anayetokwa machozi hakuna wa kumuuliza. Akisikia, akirudi nyumbani anaandika.

Kitabu kilipokwisha, mchapishaji akakitaka. Sheikha akamwambia asubiri. Kwetu mtu akienda Hija hupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, naye akaona lazima awapitie wote aliowachukulia maneno. Majina alishayabadilisha, angenyamaza, nani angejua? Nikamwambia, "Shoga, unajipeleka mwenyewe kwa hakimu."

"Akikataa hata mmoja," akasema, "sikitoi."

Tulipita nyumba kumi na moja. Kumi walimpa radhi, na mmoja wao alinuna kwa kuwa katajwa mara mbili tu. Ya mwisho ilikuwa Thamesmead, kwa Bi Miska, treni mbili na basi. Bi Miska alikimbia Zanzibar mwaka tisini na tano, akamwacha mwanawe Munir, wa miaka mitano, kwa dada yake. Baadaye alimleta, lakini siku ile ya kuachana hakupata kumsimulia mtu ila Sheikha. Sura nzima ya tisa ni yake.

Sheikha akamsomea. Bi Miska alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Chukua makaratasi yako uende."

"Nimekukosea nini, dada?"

"Umeniliza. Humo nalia uwanja wa ndege mpaka nabebwa. Nani kakwambia nililia?"

"Ulilia uliponisimulia."

"Nililia vitunguu, wee. Siku ile sikulia. Nilikula. Nilikuwa na maandazi mawili, nikayala yote nimesimama, na mwanangu ananitazama nyuma ya kioo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wewe unanipa machozi ya nani?"

Nilidhani tunaondoka. Sheikha akageuza karatasi upande mweupe, akatoa kalamu. "Basi anza tena. Maandazi uliyanunua wapi?"

Tulitoka pale baada ya Isha. Sheikha akaandika sura upya wiki tatu, akarudi kumsomea. Bi Miska akasema, "Huyu ndiye mimi. Nimekuwia radhi."

Siku ya kukizindua, ukumbi ulijaa hata viti vikaisha. Mama mmoja, Bridget, jirani yake Sheikha, akauliza waandishi wanatoa wapi hadithi zao. Sheikha hajafungua mdomo, Bi Miska kasimama.

"Ya tisa kaitoa kwangu. Mla maandazi ni mimi."

Munir, mtu mzima sasa, dereva wa basi, akatoka kule nyuma akaja kumbusu mama yake kichwani mbele ya watu wote. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, hata arusi yangu mwenyewe sikuvisikia.

Kabla hatujatoka, Sheikha akamwita mjukuu wake Siham. Kiswahili anakisikia, kukijibu hajibu.

"Watoto wa Munir hawasomi Kiswahili. Sura ya tisa utawatilia Kiingereza."

Siham akajibu, kwa hicho hicho Kiingereza chake, kwamba atakosea.

"Utakosea. Ukimaliza usiniletee mimi. Panda treni, kamsomee Bi Miska, na asiporidhika, kaa hapo hapo uanze upya."