Msomaji Aliyepiga Hodi Maktabani

Cheka ukitaka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima wa akili, kwenye maktaba ya mtaa huku Malvern, Toronto. Sikuhadithiwa na mtu. Nimeombwa niwapendekezee wasomaji riwaya mpya ya kutisha, na nitaipendekeza kwa moyo wote. Ila siwezi kukupa kitabu hiki mkononi bila kukueleza kilichonipata nacho.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa kushuku. Achieng, ninayeishi naye, husema hata mtu akinisalimia nitauliza ametumwa na nani. Kwa hiyo usidhani nilidanganywa na moyo mwepesi.

Kazi yangu ni kupanga vitabu, kuelekeza wasomaji, na mara kwa mara kuchagua kitabu cha kuwekwa kwenye rafu ya mapendekezo karibu na mlango. Unakiweka kitabu, chini yake unabandika kadi yenye maneno machache ya kumvuta mtu. Mkuu wangu, Bi Gulzar, mzaliwa wa Mwanza, aliniambia safari hii niandike kwa Kiswahili, maana Waswahili tumejaa mtaani na hatuna kadi hata moja.

Nikachagua riwaya hii. Mwanamke anaishi ghorofani na mpenzi wake wa kike, na kila jioni mpenzi wake wa zamani, naye mwanamke, aliyekwisha kufa na kuzikwa, anapanda lifti na kuja kugonga mlango. Swali ni moja kitabu kizima: atafunguliwa? Niamini, niliisoma mpaka ugali ukaungua jikoni. Inatisha, lakini zaidi inauma, kwa sababu yule marehemu hakuja kumla mtu, amekuja kwa kuwa bado anapenda. Nikaandika hivyo hivyo kwenye kadi, kwamba ni hadithi ya wanawake wanaopendana, bila kuzungukazunguka. Nilikuwa nimechoka kupendekeza mapenzi ya watu wengine tu. Nikatia jina langu la kwanza chini.

Achieng hakupenda. Mimi na yeye ni wapenzi, lakini kanisani wanajua tunaishi pamoja kwa kusaidiana kodi tu. Yeye ndiye anayeongoza kwaya ya Kiswahili, na aliwahi kuniambia kwamba siku watu wakijua, atahama mji, hataweza kuyavumilia macho yao. Mimi huku sina ndugu wala jamaa. Nina Achieng, na ndiye pekee niliyeogopa kumpoteza.

Basi, kadi haijakaa siku nyingi, nikakuta kitabu kimegeuzwa, jalada limeelekea ukutani. Nikakirudisha. Kesho yake kimegeuzwa tena. Nani huyu? Nikamshuku mama mmoja wa kikundi cha maombi aliyekuwa akija kutumia kompyuta zetu. Nilimfuata kati ya rafu nikisukuma kitoroli changu, najifanya napanga vitabu, kumbe mwenzangu anatafuta mapishi ya keki. Akanishukuru kwa huduma nzuri. Hata hivyo sikuacha kumshuku.

Ikafika jioni moja ya Januari. Unajua Januari ya huku, giza linaingia watu wakiwa bado kazini. Theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, na kila aliyeingia aliacha michirizi ya maji ya buti kwenye kapeti. Tulikuwa karibu kufunga. Nilikuwa nyuma ya rafu nikirudisha vitabu, nikasikia sauti ya mwanamke upande wa pili.

"Hodi."

Hebu niambie, nani anapiga hodi kwenye maktaba ya Toronto, jengo ambalo mlango wake unajifungua wenyewe? Lakini tumelelewa vile tulivyolelewa. Kabla kichwa hakijauliza ni nani, mdomo ulishajibu, "Karibu."

Nilipozunguka rafu nikamkuta amesimama mbele ya kadi yangu. Alikuwa na gauni jepesi na kanga ya kisutu kichwani, ile nyekundu na nyeusi wanayovaa maharusi wa pwani. Koti hana. Nikajisemea, huyu ameliacha garini, na ametumwa na wale wa kanisani kuja kunichimba. Akauliza kwa Kiswahili cha Mombasa kama ni mimi niliyeandika yale maneno. Nikasema ndiyo. Akaniomba nimsomee kidogo.

Nikashuku ananirekodi. Nikatazama mikono yake: hina tu, simu hakuna. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikawa nautafsiri hapo hapo. Alisikiliza ametulia tuli, na nilipofika pale lifti inapofunguka, aligeuza uso pembeni. Halafu akauliza jambo ambalo sisi watu wa maktaba hatujibu.

"Mwishowe, yule aliye ndani yuafungua?"

Nikamwambia akiazime akasome mwenyewe, utamu wake uko huko. Akasema hana muda wa kusoma, ametoka mbali. Nilitaka aondoke, nisikufiche. Kwa hiyo nikamwambia mwisho wa kitabu. Wewe sikuambii, lakini yeye nilimwambia, naye akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Niliahidiwa mwaliko wa kuja huku," akasema. "Sikuupata. Wewe umenikaribisha."

Nikadhani ni habari za viza, maana nani kati yetu hana kisa cha viza? Lakini macho yangu yakashuka yenyewe kwenye miguu. Marehemu bibi yangu alinifundisha kwamba mtu ukimtilia shaka, tazama miguu, usije ukakuta kwato. Kwato hazikuwapo. Ilikuwa miguu ya kawaida ndani ya kandambili, katikati ya Januari, na ilikuwa mikavu. Kapeti nyuma yake nayo ilikuwa kavu, kutoka mlangoni hadi pale alipo. Nikaona pia kwenye pindo la kanga alama ya kuungua kwa pasi, nusu duara iliyokatiwa ukingoni. Alama ile nilikuwa nimeshaiona mahali, na sikukumbuka ni wapi.

Bi Gulzar akaniita tuzime taa. Niligeuka kumwitikia, na niliporudisha uso hapakuwa na mtu. Kitabu nacho hakipo, na kile king'ora cha mlangoni kinacholia kitabu kikitoka bila kuazimwa hakikulia. Bi Gulzar akaniuliza, kwa upole wake, kwa nini nilikuwa nasoma kwa sauti peke yangu.

Nilikumbuka nikiwa kituoni nangoja basi. Achieng ana kipande kimoja cha kisutu kwenye droo, hakivai, hakitoi. Siku moja tu alinieleza. Kabla hajaja Canada alikuwa na mpenzi Mombasa, jina lake Mwanaisha. Walinunua doti moja wagawane, na pasi ikaiunguza katikati kabla hawajaikata, kwa hiyo kila mmoja alibaki na nusu ya alama. Achieng alimwahidi kwamba akishatulia huku atamtumia mwaliko. Mwanaisha aliugua akafa kabla mwaliko haujaandikwa.

Niliposhuka basini nilikimbia kwenye theluji mpaka mlangoni. Nilijua naweza kukuta nyumba tupu. Nikamkuta Achieng amekaa mezani, macho mekundu, na mbele yake vikombe vitatu vya chai, kimoja kimenyweka nusu. Kitabu cha maktaba kilikuwa hapo pembeni.

Nikamuuliza nani amekuja.

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo analolijua kila mtu. "Si ni wewe ulimwambia karibu?"

Usiku ule ndipo akaniambia kwamba aliyekuwa akigeuza kitabu ukutani ni yeye, akipita maktabani nikiwa nimetoka kula. Hakuwaogopa watu wa kanisa. Aliposoma kadi yangu alijua ni nani atakayeifuata. Mimi nilimshuku mama wa watu na keki zake, na mwenye jambo alikuwa ubavuni mwangu.

Vile vipande viwili vya kisutu sasa viko pamoja kwenye droo, na alama ya pasi imekuwa duara zima. Kitabu nilikirudisha rafuni, kiko pale. Achieng hatahama tena, kanisa halimtishi hata kidogo, na anacheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kumchekesha. Naona wivu, acha niseme. Kila jioni hodi inapigwa mlangoni kwetu, na Achieng haitikii, ananitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemkaribisha. Nikinyamaza naogopa Achieng atamfuata nje. Nikiitikia, namgawana Achieng na yule marehemu jioni nyingine. Mpaka leo nimeitikia.

Kwa hiyo kiazime, nakusihi. Ni kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviwekea kadi, na kama nawe unapenda kama sisi, utajiona ndani yake. Ila ukiwa pale kwenye rafu na mtu akakupigia hodi kwa Kiswahili, uma ulimi wako. Tazama kapeti kwanza kama imelowa. Mimi naishia hapa, maana Achieng ameshatenga vikombe vitatu na ananitazama.