Gari Lililozimika Njia ya Mabawe

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize. Hata kama hutashika spana maishani mwako, maneno haya yatakufaa siku utakapoitwa kumsaidia mtu aliye katika shida. Nitayasema taratibu, kwa sababu nilipoyapata mimi hayakuja taratibu.

Ilikuwa siku ya mvua za kupandia. Nilikuwa kijana, fundi umeme katika gereji ndogo pale Biharamulo, na nilijiamini kupita kiasi cha ndevu zangu. Mzee mmoja wa Mabawe, kule Ngara, aliyeitwa Kabanza, alikuwa amekuja Kaniha, huku kwetu Biharamulo, kumwona binti yake. Akaugua huko, akalazwa, akafariki. Alikuwa amekuja na landrova yake ya zamani, gari alilolitunza kama watu wengine wanavyotunza ng'ombe. Sasa gari hilohilo ndilo lilipaswa kumrudisha nyumbani, naye yumo ndani ya jeneza.

Mwanawe mkubwa, Fidelisi, alinifuata gerejini asubuhi.

"Fundi, gari la mzee lina tabia. Linazimika lenyewe, kisha linawaka lenyewe. Twende wote. Leo lisituaibishe."

"Halitawaaibisha," nikamjibu, nikabeba koili, plagi na platini za akiba, vipuri vya kuleta cheche. Sikumuuliza hata linazimika wapi na likiwa limebeba nini. Ona hapo, mwanangu, safari haijaanza na mimi nimeshapotea.

Nikueleze kilichokuwa kinatungoja. Kwao Mabawe, maiti ikiwa bado haijazikwa hakuna jirani anayeinua jembe. Mvua ilikuwa imeanza, mbegu ziko vikapuni, na watu wote wamekaa msibani wakitusubiri. Tena marehemu alikuwa na dada yake mkubwa, bibi aliyeshindwa kusafiri kwa uzee. Alikuwa ametuma neno moja tu: asizikwe kabla sijamwona uso. Hatukuwa na namna ya kuihifadhi maiti, na maiti haisubiri. Ilitupasa kufika jua lingali juu.

Mbele tulikaa Fidelisi, aliyeshika usukani, na mimi. Nyuma jeneza lililazwa sakafuni, wanaume wamejaa kwenye mabenchi ya pembeni, na kwenye kichwa cha jeneza aliketi mjane, Mama Fidelisi, juu ya mkeka, mkono wake umelala juu ya ubao. Hakuongea. Nilipompa pole aliinamisha kichwa tu.

Tulikuwa tumeshaipita Nyakahura gari lilipokata moto. Lilikohoa kidogo, likasimama. Wanaume wakashuka wote, kama ilivyo ada, ili kusukuma. Mjane peke yake ndiye aliyebaki juu, maana mume haachwi peke yake njiani. Kati ya wanaume wale alikuwamo Masanja, Msukuma wa Kaniha, mtani wa familia, na mtani msibani hafungwi mdomo.

"Kabanza!" akapiga kelele huku akiegemeza bega kwenye bodi. "Ulikuwa bahili ukiwa hai, na leo umekufa unabana hata petroli! Unataka tukusukume mpaka kwenu?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kile kinachoishia kooni.

Nikafungua boneti. Nikatazama cheche za plagi, zipo. Nikalegeza bomba la kabureta, Fidelisi akafungua swichi, petroli ikaja. Nikakwangua vichwa vya betri kwa sababu sikuwa na la kufanya. Gari likawaka.

"Limepona!" nikapaza sauti.

Watu wakapanda. Tukaenda mwendo wa kutosha kunipa kiburi, kisha likazimika tena. Nikabadili koili. Likawaka, nikasema limepona. Likazimika. Nikabadili platini. Likawaka, nikasema limepona. Safari hii nililisema kwa sauti ndogo. Mvua ikawa kubwa. Msitu ulikuwa mweusi pande zote mbili, na saa zilikuwa zinakwenda bila sisi.

Mwanangu, hitilafu ya umeme inayokuja na kuondoka ni ngumu kuliko ile iliyokaa. Waya uliokatika kabisa unaukuta umekatika. Ila waya unaogusa na kuachia hukudanganya, kwa sababu kila unapofika kuutazama, unakuta unagusa. Ukibadili kitu wakati huo gari likawaka, unadhani ni mkono wako uliotibu. Ugonjwa ulioondoka bila kuaga haujaondoka, umetoka nje tu.

Tulipoanza kupanda vilima vya Ngara, jua lilikuwa limeshalegea nyuma ya mawingu. Kilima cha kwanza, gari likafa. Nikashuka nimechoka, nikaenda nyuma kuwaambia wanaume washuke. Hapo ndipo mjane alipofungua kinywa.

"Mwanangu, wewe huniulizi kitu?"

"Mama, uko kwenye majonzi. Sikutaka kukusumbua."

"Umenisumbua tangu asubuhi kwa kutoniuliza." Sauti yake ilikuwa kavu. "Hapa chini ya sakafu kuna kitu kinagonga. Tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa sahani. Nakihisi nyayoni. Kikinyamaza, gari linakwenda kidogo kisha linakufa. Hawa wakishuka, kinaanza tena. Nikadhani unajua. Wewe si ndiye fundi?"

Hapo nikaelewa. Kilichokuwa kinagonga ni pampu ya umeme inayovuta petroli, iliyofungwa chini ya bodi upande wa nyuma. Mimi mbele, karibu na mngurumo wa injini, nisingeweza kuisikia. Na kila gari lilipozimika watu walishuka kwa adabu, uzito ukapungua, kile kilichokuwa kimeachana kikagusana tena. Sisi wenyewe tulikuwa tunaificha hitilafu, halafu mimi naenda kuitafuta mbele.

"Kaeni humohumo," nikawaambia wanaume. "Aliyeshuka apande."

"Jamani, fundi kachanganyikiwa!" Masanja akasema. "Gari limekufa, naye anataka tulipande!"

Lakini wakakaa. Fidelisi akafungua swichi. Pampu kimya. Nikaingia chini kwenye tope, nikapapasa waya kuanzia kwenye pampu. Kwa nje ulikuwa mzima, gamba lake halina hata mkwaruzo. Nilipoukunja karibu na mahali unapofungwa, ukalegea mkononi kama utumbo: ndani shaba ilikuwa imekatika. Gari likielemewa bodi ilishuka na kuuvuta, ncha zikaachana. Nikazibana kwa vidole, na pampu ikaanza kugonga, tik, tik, tik, pale karibu na sikio langu. Juu yangu nikamsikia mama akisema, "Ndicho hicho."

Nikakata sehemu mbovu, nikaunga, nikafunga vizuri, nikaacha waya ulegee kidogo usivutwe tena. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kubadili plagi. Gari halikuzimika tena mpaka Mabawe.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Tulifika giza linaingia. Kaburi lilikuwa limechimbwa mapema, mvua ikalibomoa kingo, na vijana walikuwa wamesimama ndani yake wakitoa tope kwa sufuria. Mazishi yakaahirishwa hadi asubuhi. Siku nyingine ya kupanda ikapotea kwa kijiji kizima. Na ilipofika asubuhi, wazee walikaribia jeneza, harufu ikawarudisha nyuma, wakasema halitafunguliwa.

Yule dada yake aliletwa ameshikwa mikono. Akapapasa ubao kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mna hakika ni Kabanza?" akauliza.

Wakamwambia ndiye. Akauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayeomba. Mwanangu, hapakuwa na uso wa kumwonyesha. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo, na nilisikia kwamba hadi mwisho alikuwa akiwauliza wageni kama mdogo wake ameshatoka Kaniha.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga mjane. Nilitegemea anilaani, au anisamehe, mojawapo. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Uliona mjane, hukuona mtu," akaniambia. "Machozi hayazibi masikio." Kisha akageukia wenzake waliokuwa wamekaa naye mkekani.

Nimelibeba neno hilo hadi mvi hizi. Sisi tumelelewa kwamba mfiwa hasumbuliwi, mgonjwa haulizwi, mkubwa hahojiwi, na ni malezi mema. Lakini heshima inayomnyima mtu nafasi ya kusema alichokiona humdhuru huyohuyo unayemheshimu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyekilalia yupo, hajafa, muulize. Muulize kwa pole, kwa sauti ya chini, lakini muulize. Ukimtibu mgonjwa, ukiamua ugomvi wa ndugu, ukitafuta kwa nini mtoto wako amebadilika, ni mambo yaleyale: aliyekaa kimya pembeni mara nyingi ndiye aliyekaa juu ya pampu.

Wala usikate tamaa ukikosea, maana ufundi haumjii mtu mara moja, na mimi bado unanijia. Ila jambo baya likiisha lenyewe mbele yako, usishangilie. Lifuate hadi ulishike mkononi.

Mungu akupe mikono mitulivu na sikio lisilo na haraka, na wale watakaokukabidhi shida zao wasijute kukufahamu.

Basi kesho, gari likikuzimikia njiani, usimwambie mtu ashuke na usifungue boneti. Geuka nyuma, waulize mmoja mmoja, ukianza na aliye kimya kuliko wote, wamesikia nini kabla halijazimika. Kisha nyamaza mpaka wamalize.