Cheo Ambacho Mzee Isaya Hakuwa Nacho

Mwanangu, kuna wiki moja huko Birmingham ambayo sikulala sawasawa kwa sababu ya neno moja la herufi nne. Neno lenyewe ni Meja. Nililiandika mimi, mbele ya jina la mtu ambaye hakuwahi kuwa meja, na nilipokuwa nikiliandika nilijua.

Nakueleza haya kwa sababu umemaliza chuo mwaka huu, na ninaona unavyozunguka nyumba ukijadiliana na nafsi yako. Najua utanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu mliozaliwa huku, lakini Kiswahili unakielewa vizuri sana ukitaka. Basi keti. Sijazeeka hivyo, ila jambo hili limekaa ndani yangu miaka ya kutosha kupewa heshima ya mzee.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, kabla simu hazijaanza kujua kila jambo. Nilikuwa na digrii mpya kabisa na barua nyingi za kunikatalia kazi. Riziki yangu ilitoka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za asubuhi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Hodge Hill kwa Dada Bita, nesi Mkenya mwenzangu mwenye moyo mpana na sauti kubwa, na humo ndani aliishi pia baba yake, Mzee Isaya. Alikuja kutibiwa goti, akabaki miaka minne akiwapeleka wajukuu shule na kuwarudisha. Nyumbani Kenya alikuwa askari, kisha akawa mbunge kwa kipindi kimoja. Wakenya wa Birmingham walimwita Mheshimiwa, na walipotaka kumpendeza zaidi walimwita Meja.

Mwaka huo aliamua kurudi nyumbani. Chama chetu cha Wakenya kikapanga kumuaga siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja juu ya duka la vitambaa huko Alum Rock. Na unajua sisi: hakuna shughuli bila programu iliyochapishwa, yenye picha ya mhusika kwenye jalada na wasifu wake ndani. Mwenyekiti wa chama, Bwana Wafula, aliyekuwa mwalimu kwao na dereva wa basi huku, aliniita akasema, "Msomi, wasifu ni wako." Kwa mtu aliyekataliwa na kila ofisi, maneno hayo yalikuwa matamu kuliko unavyoweza kufikiri.

Nikafanya kazi kwa bidii. Mchana wa siku tatu nilikaa na Mzee Isaya, chai mezani, daftari magotini. Alinieleza bila kupamba. Aliingia jeshini akiwa kijana, akafundishwa udereva, akaendesha malori ya unga, maharagwe na maji kupeleka kambi za kaskazini. Alifika cheo cha koplo, akastaafu nacho. "Sikuwahi kumfyatulia mtu risasi," aliniambia, "lakini magurudumu niliyobadilisha juani, mimi na Mungu ndio tunajua." Nikaandika yote. Ulikuwa wasifu mzuri, mwanangu. Mpaka leo nadhani ulikuwa mzuri.

Bwana Wafula aliusoma akiwa amesimama, bado amevaa sare yake ya basi.

"Koplo?" aliuliza. "Msomi, unataka watu wacheke? Mheshimiwa mzima, aliyeketi bungeni, umwandike koplo?"

"Ndivyo alivyoniambia mwenyewe."

"Huo ni unyenyekevu wa wazee. Nimemwita Meja miaka minne, hajanikataza hata siku moja. Wewe ulikuwa naye jeshini?"

"La."

"Basi andika Meja, na uchangamshe changamshe kidogo. Hii ni programu, si kesi mahakamani."

Ningeweza kumwambia hapana. Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Lakini niliogopa kuonekana mtu asiyejua heshima, na niliogopa zaidi kunyang'anywa kazi ya kwanza ya kalamu niliyopata. Nikaandika Meja. Na kwa kuwa meja hawezi kushinda akiendesha lori la maharagwe, ilinibidi nimtafutie shughuli inayomfaa. Nikaandika kwamba aliongoza kikosi mpakani, na kwamba vijana wake walimpenda. Sijui vijana hao niliwatoa wapi.

Kazi ilichapishwa mtaa wa Hockley kwa Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi, mwenye karakana ndogo katikati ya mafundi wa pete na mikufu. Jumatano nililibeba boksi la programu mpaka chumbani kwangu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuzunguka. Itakuwaje akija mtu aliyekuwa jeshini kweli? Itakuwaje Mzee akidhani namkejeli? Nikisahihisha, si nitamwaibisha mbele ya watu ambao yeye mwenyewe amewaacha wamwite hivyo? Nisiposahihisha, si mimi ndiye nitakayesimama kuusoma mbele ya ukumbi? Nilikuwa nimejigawa pande tatu, kila upande una hoja nzuri, na hakuna ulioshinda. Alhamisi nilimpa mgonjwa mmoja chai ya mwenzake, akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, saa saba mchana, nilirudi nyumbani nikamkuta Mzee Isaya sebuleni anapima mabegi ya safari. Alikuwa amesimama juu ya mizani ya bafuni, amekumbatia begi, anajaribu kuona namba chini.

"Njoo unisomee, binti yangu," alisema. "Begi na tumbo vimeungana dhidi yangu."

Nikainama nikasoma. Tukatoa uzito wake mwenyewe, tukakuta begi limezidi kilo mbili. Akaketi, akalifungua, akaanza kuchagua kati ya viatu vya mpwa wake na makopo ya biskuti. Sijui kwa nini ilikuwa wakati ule. Labda kwa sababu alikuwa anaonekana mtu wa kawaida kabisa, mwenye kiatu kimoja mkononi. Nilipanda chumbani, nikashuka na programu, nikampa.

"Mzee, nimekosea. Soma ukurasa wa pili."

Alivaa miwani. Aliangalia jalada kwanza, akasema inafanana na ile ya mazishi, na kwamba ni bahati kusoma ya kwako ukiwa bado unakula. Kisha akafungua ndani. Akasoma polepole, kidole kikitambaa. Alipofika mwisho hakutania tena.

"Hawa vijana walionipenda ni akina nani?"

"Hawapo, Mzee. Nimewatunga."

"Na mimi nilikuambia nini?"

"Koplo. Dereva."

"Kwa hiyo ulikuwa nao ukweli. Ulikuwa nao kwenye daftari." Alivua miwani. "Wengine hudanganya kwa kutojua, mama. Wewe ulijua, ukamwogopa Wafula. Wafula anayeendesha basi la kwenda mjini!"

Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Yeye akanionyesha kiti, na hapo akanieleza jambo ambalo katika mchana ule wa siku tatu hakulisema.

Alipogombea ubunge, kijana mmoja wa kampeni alimtangaza kwenye kipaza sauti kuwa ni Meja. Watu wakashangilia. Alikusudia kurekebisha siku hiyo hiyo, akaona atawavunja moyo. Kesho yake neno hilo likawa kwenye mabango. Akashinda, akaenda nalo bungeni. Na yeye alikuwa amekwenda huko kwa sababu moja: rafiki yake Musembi, mpishi wa jeshi aliyeumia mguu kambini, akarudishwa nyumbani na kusahauliwa. Alimwahidi kuwa atawasemea askari wa vyeo vya chini.

"Siku ikafika," alisema. "Hoja ya askari hao imeletwa. Mwenzangu mmoja akasimama: tumsikilize Mheshimiwa Meja, yeye alikuwa huko. Nikainuka. Nilitaka kusema tulivyolala chini ya malori. Nilitaka kusema mpishi anaamka saa ngapi, na mguu wa Musembi ulivyokuwa. Lakini meja atayajuaje hayo kwa mwili wake? Wangeniuliza. Nikasema maneno makubwa makubwa, taifa, uzalendo, nikaketi. Hoja ikaahirishwa, haikurudi tena."

"Na Musembi?"

"Alikuwa amekuja kusikiliza, amekaa juu kule kwa wageni na mkongojo wake. Tulipokutana nje akaniambia, Isaya, leo umetusemea kama mtu aliyetusikia kwa mbali." Mzee Isaya alikunja soli ya kile kiatu, akaikunjua. "Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru."

Kisha nikamuuliza swali la watu kama mimi na wewe, mwanangu, watu wanaopenda kuamuliwa: "Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nina kilo mbili za kutoa hapa. Koti hili la Meja nililivaa miaka mingi, na kosa la kulivaa ni langu. Lakini la kesho umelishona wewe. Amua."

Kwa mara ya kwanza wiki ile sikuzipa zile pande tatu nafasi ya kusema. Nikachukua simu ya mezani nikampigia Bwana Wafula.

"Mwenyekiti, narekebisha wasifu. Alikuwa koplo."

"Programu zimeshachapishwa!"

"Nitabandika karatasi juu yake."

"Msomi, unanivua nguo mbele ya watu!"

"Aliyeandika ni mimi, Mwenyekiti, na nitasema hivyo."

Akakata simu. Nikachukua koti langu nikatoka. Nilipanda mabasi mawili mpaka Hockley. Abdi alikuwa ndio anatoka msikitini. Akaniambia kuchapa upya haiwezekani, mashine ina kazi ya harusi, ila karatasi moja moja ya kubandika atanitolea kabla ya Alasiri. "Walahi, dada, nyinyi Wakenya mnapenda vyeo," alisema, kana kwamba yeye ametoka nchi nyingine.

Jioni, Dada Bita aliporudi kutoka hospitali, alitukuta mezani, mimi na baba yake, tunapaka gundi. Nilimweleza. Aliangalia karatasi, akamwangalia baba yake.

"Baba, mimi shuleni nilikuwa naitwa mtoto wa Meja."

"Najua, mama. Nisamehe."

Dada Bita alishusha mkoba begani. Kisha akavuta kiti, akachukua brashi ya gundi. "Sogea, unabandika kombo," alimwambia. Basi yule mzee aliketi akibandika maisha yake ya kweli juu ya yale ya kutungwa, programu moja baada ya nyingine, na kadiri rundo lilivyokua ndivyo alivyoanza kuimba nyimbo za gwaride kwa sauti mbaya sana.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Bwana Wafula aliniita bila kunitazama. Nilisimama, nikasema, "Kwenye programu mtaona karatasi iliyobandikwa. Chini yake kuna maneno ya uongo, na niliyeyaandika ni mimi." Kisha nikasoma: Koplo Isaya, dereva wa malori, mbunge wa kipindi kimoja. Nilisoma unga, maharagwe, maji na magurudumu. Nikamaliza. Mama mmoja mbele akauliza kwa sauti, "Kwa hivyo Mheshimiwa si Meja?"

"Si Meja, mama," Mzee Isaya alijibu kutoka kitini. "Sikuwahi kuwa. Niliwaacha mseme, na halikuwa jambo zuri."

Mimi nilisubiri dari lianguke. Badala yake mtu huko nyuma aliuliza kama chapati ziko tayari, na mwingine akapaza sauti, "Koplo oyee!" watu wakaitikia, hata Wafula mdomo ukamfunguka akaitikia. Mzee Isaya akainuka kwa goti lake baya, akaeleza habari za Musembi. Safari hii alisema walilala wapi, mpishi huamka saa ngapi, na mguu ule ulikuwaje. Alizungumza karibu nusu saa na hakuna aliyekohoa. Nikashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumatano. Wepesi ule sijui nikuelezeje. Ulikuwa kama kuvua viatu vilivyokubana siku nzima.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kufikiri sana si ugonjwa, usijichukie kwa hilo. Lakini ukiona unalipitia jambo lile lile mara ya tatu na jibu unalo, ujue hufikiri tena, unajificha. Kosa lirekebishe siku unayolijua, likiwa bado linatosha kufunikwa na karatasi moja na gundi kidogo. Usimvalishe mtu sifa isiyo yake, hata kwa kumpenda, maana utamfunga mdomo katika yale anayoyajua kweli. Na wewe ukivishwa, ivue mapema, kabla hujafika mahali watu wanahitaji sauti yako halisi nawe huwezi kuitoa. Wanaokupenda watakasirika kidogo, kisha wataomba chapati.

Mungu akupe kazi unayoweza kuieleza kama ilivyo, marafiki wanaokujua kwa jina lako, na usingizi mzuri usiodaiwa na neno lolote uliloliandika. Amina, mwanangu.