Mwano na Tumbo la Fundi Cherehani

Kosa langu nalikiri mapema, wasije wengine wakalisimulia vibaya zaidi: nilimwambia mtu mnene atangulie kukimbia, nami nikamfuata nyuma na fimbo mkononi, alfajiri, nikipiga kelele, "Kimbia! Kimbia!" Na hayo niliyafanya Usukumani, kwa watu wenye ng'ombe.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, baada ya kumaliza sekondari Tabora. Baba alikuwa na neno moja tu kwangu: Geita. Vijana wa rika langu walikuwa wakishuka migodini kuchimba dhahabu, na yeye aliona mabega yangu yanakaa bure. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Shimo refu kuliko yote nililokuwa tayari kuingia lilikuwa chungu cha mama cha maziwa mgando.

Wokovu uliletwa na fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza la duka. Ujanani ndiye aliyeongoza wachezaji wa ngoma wa upande wetu. Siku hizo tumbo lake lilifika kwenye cherehani kabla yake. Mashindano ya ngoma za baada ya mavuno yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja, na wapinzani walikwisha kulitungia wimbo lile tumbo. Wimbo wenyewe ulikuwa mtamu mno, hata mkewe aliuimba akitwanga.

"Wewe si umesoma?" akaniuliza. "Huko shuleni hawakuwafundisha kumpunguza mtu?"

Nikasema walitufundisha. Na kweli, kila asubuhi kulikuwa na mazoezi ya viungo. Sikumweleza tu kwamba kila asubuhi mimi niliumwa tumbo. Elimu yangu yote ilikuwa daftari la vijitu vinavyoinama na kuruka, nilivyovichora nikiwa dirishani.

Baba aliposikia alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Fundi akicheza mpaka mwisho wa ngoma, kaa hapa ule michembe ya viazi vikavu mpaka uote mizizi. Akishindwa, Geita."

Tulianza kwa kuinama na kugusa vidole vya miguu. Fundi aligusa magoti, akauliza kama hayo hayatoshi. Nikainama kumwonyesha, nikakwama huko huko chini. Akaninyanyua kwa mkanda wa suruali.

"Mwalimu, na hii ni sehemu ya zoezi?"

"Ndiyo, fundi. Inajenga mikono yako."

Akaniamini. Mimi nami nikaanza kujiamini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nikaleta mbio, pamoja na fimbo ya baba ya kuchungia, maana mwalimu wetu Tabora hakukosa fimbo. Asubuhi hiyo tulipita nyuma ya boma la mama jirani, mwanamke aliyeamka kabla ya majogoo. Akachungulia: mtu anakimbia huku anahema, mwingine yuko nyuma na fimbo. Akapiga mwano. Ule ndio ukelele wa watu kuitana ng'ombe wao wanapoibwa, na kwetu mwano haujadiliwi. Unachukua rungu, unakimbia, maswali baadaye.

Marungu yakatoka kila boma. Fundi aligeuka kutazama mara moja tu. Mtu aliyeshindwa jana yake kuvuka kijifereji aliuruka uzio wa minyaa ulionifika kifuani, akatua ng'ambo kama beberu, akaendelea na safari. Mimi niliruka nyuma yake, nikafika katikati ya uzio. Nikabaki humo, miguu juu, daftari mdomoni.

"Mwizi huyu hapa!"

"Ameiba nini?"

"Alikuwa anamfukuza fundi."

"Huyu? Huyu hata kuku wa mama yake wanamfukuza yeye!"

Wakiwa bado wanabishana kama wanipige au wanichomoe, fundi akarudi, jasho linamtoka, meno yote nje. "Mmeniona nilivyoruka? Hamkuniona? Basi tazameni!" Akauruka tena, safari hii kwa hiari yake.

Kuanzia siku hiyo hakuhitaji fimbo. Alikimbia kila asubuhi, na kila boma alilolipita alisalimia kwa sauti, "Mwangaluka! Ni mimi, msipige mwano!" Siku ya ngoma nani alishinda wanabishana hadi leo, ila fundi alicheza mpaka vumbi likatulia, na wimbo wa tumbo ukakosa wa kuuimba. Baba akanisogezea sahani ya michembe. Geita ikafa hivyo.

Haikupita wiki, karani wa mizani ya pamba akaja kuomba naye afundishwe. Nikakohoa, nikamfungulia daftari, nikaanza kumweleza jinsi nilivyomrusha fundi ule uzio. Mama jirani alikuwa anapita na mtungi wa maji kichwani. Akasimama.

"Mwanangu," akasema, "fundi alirushwa na mdomo wangu. Wewe ulichofanya ni kunasa kwenye minyaa."