Noti ya Maziwa na Meno ya Baba

Nimekana kwa miaka mingi, nimekana mbele ya dada zangu, mbele ya Mama, hata mbele ya mchungaji aliyeniuliza kwa utani tu, lakini leo nakubali: katika ukoo wetu wote, mtu pekee aliyewahi kutoa hongo mochari ni mimi. Mimi niliyeandika makala nzima gazetini kulaani hongo, nikaikata, nikaibandika kwenye friji (ndiyo, friji yangu mwenyewe, ili wageni waione wakifuata maji baridi).

Ilikuwa siku ya kumchukua Baba. Mpango ulikuwa mwepesi: avalishwe, tumpitishe nyumbani Jericho majirani wamuage, kisha safari ya kijijini Vihiga kumzika. Mama alibaki nyumbani na wageni, na aliniagiza jambo moja tu. "Baba yako asiingie hapa bila meno yake. Kila kitu nimeweka kwa begi."

Nyinyi hamkumjua Baba, kwa hivyo nieleze. Meno yake ya mbele yaling'olewa na chuma akiwa bado kijana karakanani, akaishi akiongea huku amefunika mdomo kwa kiganja, mpaka alipostaafu akanunua meno ya bandia, na tangu hapo alicheka hadharani, alicheka hata mahali pasipochekesha, na hospitalini walipomwambia ayatoe walibembelezana naye asubuhi nzima. Mama hakuwa anaomba urembo. Alikuwa anaomba mumewe aagwe akiwa yule mtu waliyemzoea.

Nilikwenda na Senje Rebeka, dada yake Baba. Mhudumu wa mochari, Mutiso, mwanamume mnene aliyevaa gambuti nyeupe, alipokea begi, akasimama. Hakuomba kitu. Alisimama tu, vile watu husimama. Senje akafungua fundo la leso, akatoa noti iliyokunjwa ikakunjika, na mimi, Mungu anisamehe, nikamshika mkono.

"Senje, hiyo ni hongo."

"Hongo ni ya polisi. Hii ni ya maziwa, ya shukrani. Mtu amemwosha ndugu yangu, nimwangalie tu?"

"Analipwa mshahara."

"Na wewe ukienda matangani hubebi sukari? Kwani waliofiwa hawana mshahara?"

Hapo ndipo nilipotoa hotuba. Nilisema kwamba zawadi ikitangulia kazi si zawadi tena, nikataja maadili, nikataja wajukuu zetu na nchi tutakayowaachia, na sauti yangu ilipanda kiasi kwamba familia nyingine iliyokuwa kwenye benchi pale uani, ikimngoja mzee wao, iliacha kuongea ikanisikiliza. Mutiso akasema, "Hakuna shida, madam," akaenda na begi. Senje akarudisha noti yake kwenye leso, akafunga fundo kwa meno.

Tulipoitwa kumtazama kabla jeneza halijafungwa, suti ilikuwa imemkaa, tai imenyooka, nywele zimechanwa vizuri. Lakini mdomo ulikuwa umebonyea ndani na mashavu yameufuata. Alikuwa Baba wa zamani, yule wa kiganja.

"Haya basi," Senje akasema polepole. "Umewanyima watu maziwa, na wao wamekunyima meno."

Mtu mwenye akili angempigia Mama simu. Mtu mwenye adabu angeuliza. Mimi nilikuwa na makala kwenye friji, kwa hivyo nilijua tayari: wameyaficha, wanangoja kitu. Dereva wa gari la maiti alikuwa ameshawasha injini, na akilini nilimwona Mama mlangoni Jericho, majirani wote nyuma yake, jeneza likifunguliwa. Nikatoka nje uani, nikamkuta Mutiso akinawa mikono bombani, nikamsukumia noti kubwa kuliko ile ya Senje.

"Chukua. Sasa niletee meno."

"Madam, mimi meno sijayaona."

Nikaongeza noti nyingine juu yake. "Angalia vizuri."

Akaziangalia noti, akauangalia mlango, akaniangalia mimi kama fundi anayepimia kazi. "Basi ngoja kidogo," akasema, akaingia ndani. Alirudi na meno ndani ya glavu.

Mngeniona! Niliyainua juu, nikaigeukia ile benchi, nikasema, "Mmeona wenyewe? Hivi ndivyo nchi hii inavyoendeshwa!" Mwanamke mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Senje, aliyekuwa amenifuata, akayachukua, akayageuzageuza, akayapima kwa jicho.

"Ndugu yangu alikuwa na mdomo mkubwa hivi?"

"Kifo hubadilisha watu," nikamjibu (sijui niliitoa wapi hiyo).

Senje akanirudishia.

Tangu siku ile nimeapa: ya maziwa natoa, nashukuru, naenda zangu, na hakuna atakayenisikia nikiiita hongo. Lakini noti ya pili, ile ya kumwambia mtu aangalie vizuri, sitaitoa tena maishani, kwa sababu ukimlipa mtu aangalie, ataangalia mpaka apate.

Basi pale uani, nikiwa bado nimeyashika meno, simu ikalia. Ilikuwa Mama, na simu yangu wakati huo haikuwa ikisikika bila spika, kwa hivyo ua mzima ulimsikia.

"Mmefika wapi? Usiwasumbue watu wa mochari bure. Meno ya baba yako ninayo hapa. Niliyatoa kwa begi nikayapige mswaki, nikasahau kuyarudisha. Mleteni tu, tutamvalisha hapa."

Nyuma yangu mbao za benchi zililia, watu wakasimama wote kwa pamoja.

"Dada," mwanamume mmoja wa ile familia akasema, kwa upole wa kutisha, "hayo umeshika, hebu tuyaone. Mzee wetu alikuja na yake."

"Haloo?" Mama akasema. "Haloo? Ni nani huyo anadai meno?"