Maji ya Kiyoyozi Changu na Ukuta wa Mama Leokadia

Kosa ni langu. Siyo la mvua, siyo la fundi, wala siyo la mume wangu, ingawa na yeye ana lake. Nimechoka kuitikia salamu za watu wanaonidhania mtu mwema. Acheni niseme tu, labda nitapumua.

Mimi ni mke wa mfanyabiashara, nakaa Majengo, hapa Mpanda mjini. Mwaka jana, joto lile la kabla ya mvua, mume wangu alirudi toka Dar es Salaam na kiyoyozi, kile cha kupachika dirishani, kimeshatumika huko kwa watu. Kilikuja na treni kimezungushiwa godoro kama mgonjwa. Jamani, nilivyofurahi! Mtaa mzima hakuna aliyekuwa nacho.

Kukifunga haikuwa mchezo. Watu wa umeme walisema mashine ile inakula umeme mwingi, kwa hiyo lazima ivutiwe waya wake peke yake, na tusiiwashe jioni wakati mji mzima unataka taa. Mume wangu alifuata kila kitu. Anaogopa kukatiwa umeme kuliko anavyomwogopa mama yake mzazi.

Halafu akaja bwana afya wa kata. Akasimama kwenye uchochoro, akaangalia mgongo wa mashine, akaangalia ukuta wa jirani.

"Maji yataenda wapi?"

"Maji gani?" mume wangu akauliza.

"Mashine hii inatoa maji, mzee. Kipindi cha mvua ndiyo inatoa zaidi. Sharti ni bomba, kuanzia hapa mpaka mtaroni. Na jirani akubali."

Jirani mwenyewe ni Mama Leokadia, Mfipa, mjane. Ukuta wake ungeweza kuugusa ukinyoosha mkono dirishani kwangu. Nyumba ya tofali mbichi, walizifyatua yeye na marehemu mume wake. Mume alipofariki, shemeji zake walikaa kikao wakamwambia: kaa humu, ila siku ukishindwa kuitunza nyumba inarudi kwa ukoo. Hayo maneno yalikuwa hayamtoki kichwani. Kila kiangazi utamkuta anakandika kuta zake upya, udongo mpaka kwenye nywele.

Sasa hilo bomba lilitakiwa lipite chini ya kibaraza changu. Kibaraza cha sakafu nyekundu, nimekipiga rangi juzi tu, watu wanajiangalia sura. Nikasema kibaraza changu hakivunjwi! Nikaenda kwa Mama Leokadia na akili zangu za ujanja.

"Dada, hii mashine itatoa maji safi kabisa. Weka beseni lako pale chini, utafulia, utaoshea vyombo. Ukimwambia bwana afya umekubali, yote yako."

Akacheka yule mama, akanipiga bega. "Mdogo wangu, maji bila kupanga foleni bombani? Yalete hata leo!"

Bwana afya hakupenda. Alikuna kichwa, akaangalia tena ule ukuta, mwisho akasema sawa, ila beseni lisifurike hata mara moja. Akaninyooshea kidole. "Likifurika, ni wewe."

Nikaitikia, ndiyo mzee. Kuitikia ni rahisi sana.

Basi ikaanza enzi yangu. Akina mama wanakuja kunisalimia hawaondoki. Wengine wanakuja na kanga mbili za kujifunika. Mimi mwenyewe nilikuwa navaa sweta saa saba mchana, najiona nimefika. Na Mama Leokadia anakinga maji yake, ananishukuru kila tukikutana. Nilishukuriwa kwa uvivu wangu!

Mvua zikaanza. Mama Leokadia akafunga mlango aende Kasokola kulima, kama watu wote wenye mashamba, ukishaenda unakaa huko huko mpaka palizi iishe. Akapita kwangu jembe begani.

"Mdogo wangu, beseni nakuachia. Unimwagie asubuhi na jioni. Ule ukuta unaujua."

"We nenda dada, usiwe na wasiwasi."

Mwanzoni nilimwaga kweli. Baadaye uchochoro ukawa matope matupu, mvua nje, ndani ubaridi mzuri. Nikawa namwaga leo, kesho naacha. Halafu nikaacha kabisa. Kuzima mashine sikuwaza, wakati hata joto lenyewe lilikuwa limeshapungua. Nilikuwa nimelala kitandani nasikia kabisa maji yanafurika huko nje. Najigeuza upande wa pili. Hilo ndilo linalonitesa zaidi, kwamba nilikuwa nasikia.

Ukuta uliporomoka mchana tunakula. Wala haukupiga kishindo kikubwa. Nilipotoka, nilikiona kitanda cha Mama Leokadia na shuka lake limetandikwa vizuri, nakiona nikiwa nimesimama nje. Na unajua kitu cha kwanza nilichofanya ni nini? Siyo kupiga kelele, siyo kuita watu. Nililichomoa lile beseni kwenye matope nikalificha stoo kwangu, nyuma ya magunia. Ndiyo watu wakaja.

Mume wangu alinikalisha. "Mvua haina wa kuishtaki," akaniambia. "Ukijisema, tutajenga nyumba ya watu na kiyoyozi watakuja kuking'oa. Nyamaza."

Nikanyamaza. Siyo kwamba alinifunga mdomo, nilikuwa nataka mtu aniambie hivyo.

Mama Leokadia aliporudi, shemeji yake mkubwa alikuwa ameshaitisha kikao. Tukakaa mbele ya nyumba, wao, sisi, mwenyekiti wa mtaa. Bwana afya alikuwa safarini. Mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ndiye uliye karibu. Nini kimeangusha huu ukuta?"

Mume wangu akakohoa. Mama Leokadia alikuwa amekaa chini ameegemea mlango wake, ananiangalia.

Nikasema, "Ni mvua."

Basi! Yule shemeji akasimama. "Mmesikia wenyewe. Mvua inanyesha, yeye kaenda kukaa shamba. Nyumba imemshinda." Mwenyekiti alijaribujaribu kusema, lakini maneno ya ukoo yalikuwa yamesemwa siku nyingi na mama mwenyewe alikuwa ameyakubali. Wiki ile ile alipakia vyombo vyake kwenye baiskeli mbili akahamia Kasokola moja kwa moja, kwenye kijumba cha nyasi cha kulindia mahindi. Alikuja kuniaga. Alinipa mkono, akageuka akaondoka. Mimi nikajipa moyo kwamba hajui.

Shemeji akaingia na familia yake, akaujenga ukuta kwa tofali za kuchoma. Hajamaliza hata kuupiga lipu, akaja kumgongea mume wangu. "Jirani, hayo maji yako vipi? Mimi sitaki ujinga." Maneno hayo tu. Kesho yake asubuhi fundi yuko kwetu na mtarimbo, kibaraza kinavunjwa, na kabla ya swala ya adhuhuri bomba limeshafika mtaroni.

Nusu siku! Kazi yote ya kuiokoa nyumba ya yule mama ilikuwa ya nusu siku, ila mwenye nyumba alikuwa mwanamke mpole, tukaona haina haraka. Nikakaa mlangoni nikalia. Mume wangu akaniambia, "Unalilia kibaraza? Kitapigwa rangi tena."

Toka siku ile sikulala tena chumba kile. Nalala na watoto, kwenye joto, mume wangu anabaki na kiyoyozi chake. Akina mama wakija nawaambia kimeharibika.

Mwisho nikajikaza nikaenda kwa mwenyekiti nikamweleza yote, mpaka beseni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Mama, siku ile ningelisikia neno hili nyumba ingebaki kwake. Leo nikamtoe nani mle ndani? Wana watoto, wameshajenga." Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Nikaenda Kasokola. Nilimkuta kwenye karanga anapalilia. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akanipa maji ya kunywa. Nikamwambia huku nalia, nikapiga magoti kwenye udongo.

Akaniacha nikamaliza. Akasema, "Nilijua siku niliyorudi. Nilitafuta beseni langu sikuliona. Asiye na kosa angeliacha pale pale."

"Sasa dada, mbona hukusema kikaoni?"

"Ningesema mimi, shemeji angesema natafuta wa kumsingizia. Nilikuwa nakungojea wewe. Watu wote walikuwa wanamwangalia mwenyekiti, mimi naangalia mdomo wako."

Nikamwambia nitamjengea hata chumba kimoja cha tofali, hapo hapo shambani. Akatikisa kichwa. Siku zote alikuwa ananiita mdogo wangu. Siku ile aliniita mama fulani, kwa jina la mtoto wangu, kama unavyomwita mtu mliyekutana sokoni. "Nenda nyumbani salama. Ila usije tena."

Sikwenda tena. Kule hata kuomba msamaha ni kumsumbua.

Nyie mnaoleta hizi mashine majumbani, na sasa naona zinaanza kuletwa, mkiambiwa wekeni bomba, wekeni. Kama kuna kibaraza, kivunjwe. Msimwombe jirani ruhusa kwa kumlaghai, halafu mkajifungia ndani kwenye ubaridi. Na kama umeshakosa, usingoje upate ujasiri, mimi niliupata na haukunisaidia kitu. Siku watu wamekaa, umeulizwa wewe mwenyewe, na mwenye nyumba bado ameegemea mlango wake, sema hapo hapo. Hata kama mumeo anakohoa.