Filamu ya Mzee wa Yai Moja

Kazi yangu hapa Johannesburg ni kuongea na magari. Nasimama kwenye maegesho mbele ya maduka kule Kensington, nimevaa kizibao cha njano cha kung'aa, napunga mkono: rudi, rudi, rudi, hapo hapo bosi, simama. Naongea kutwa nzima na hakuna gari lililowahi kunijibu. Jioni narudi Berea, kwenye fleti yenye watu wengi kuliko milango. Usidhani basi kuna maongezi. Mmoja analinda usiku, mwingine anasuka nywele mpaka giza, na wale mume na mke wa nyuma ya pazia wana mtoto mchanga, wakipata nafasi wanalala. Tunachangia birika na choo. Jirani yangu wa ukutani namjua kwa kikohozi tu. Nikikutana na sura yake barabarani nitaipita.

Kwa hiyo siku yangu mimi ilikuwa Jumamosi mchana.

Tunasali kwenye kanisa moja kule Observatory. Wengi ni Wakongo, halafu Warundi, sisi Watanzania wachache, na Wakenya wenye magari. Jumamosi tukimaliza kufagia, ukumbini inawekwa filamu ukutani, watu wanaleta chai na maandazi. Na mimi natafsiri. Hiyo ndiyo elimu yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme iliniacha yenyewe, nikahamia banda la video Kigoma. Pale mtafsiri anashika maiki, anapunguza sauti ya filamu, anaongea yeye badala ya wote: jambazi, polisi, bibi harusi, hata farasi. Nimetafsiri filamu za Kichina bila kujua Kichina hata cha kuomba maji. Mtu akifungua mdomo, na mimi nafungua. Hakuna Mchina aliyekuja kulalamika.

Sasa siku hizi kila mtu ana simu yake, watu ukumbini wakaanza kupungua. Mchungaji akatuambia waziwazi kwamba kwaya inautaka ukumbi siku ya Jumamosi, na benchi zikiendelea kubaki wazi atawapa. Nilijua maana yake. Kwaya ikichukua ukumbi, Jumamosi yangu nitakaa na ukuta. Ungesema si uende kuimba nao? Nilijaribu. Kiongozi wa kwaya alinisikiliza kidogo, akanishukuru sana, akaniomba nipange viti.

Jumamosi iliyofuata filamu aliileta Mkenya mmoja anayefundisha chuo kikuu, mtu mpole, anasalimia mpaka paka.

"Boss," akaniambia, "leo naona hutahitaji maiki. Hawa watu hawaongei sana."

"Hawaongei kabisa?"

"Wanaongea kidogo. Mwishoni."

Nikasema moyoni, kwisha habari yangu.

Filamu ikaanza. Mzee, mgeni kwenye nchi ya theluji. Anafua koti. Anakaa. Anaangalia dirishani, na dirisha lenyewe linaangalia ukuta. Anauangalia ule ukuta mpaka na sisi tukaanza kuuzoea. Mtoto mmoja mbele, hawa wa kuzaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, akamuuliza mama yake kama video imeganda.

Dada mmoja msusi wa Kikongo akashindwa kuvumilia. "Lakini huyu papa iko anangojea nani?"

"Anangojea basi," mtu akajibu nyuma.

"Basi itapita ndani ya nyumba?"

Watu wakacheka, na nyuma ya kile kicheko nikasikia mlango unalia. Wawili wametoka. Ukalia tena. Nikaona benchi zinazobaki wazi, nikamuona mchungaji kasimama pembeni anaziona pia. Nikaidaka maiki.

"We ukuta, umeamkaje?" nikasema kwa sauti ya yule mzee. "Mbona leo umenuna? Jana si tulicheka wote?"

Ukumbi ukalipuka. Mzee akakoroga chai. "Hii sukari ya huku mbishi, inataka kwanza ione kibali changu." Eish, walicheka! Mlango ukanyamaza. Yule Mkenya aliniangalia kidogo kama mtu aliyemwagiwa chai kwenye shati jeupe. Mimi mwili ulishapata moto. Nikawa naokoa Jumamosi yangu kwa mdomo.

Mzee akavaa koti, akaenda dukani. Akanunua yai. Moja. Mwenye duka, mama mmoja, akamwambia neno, mzee akatabasamu, akarudi kwenye theluji na yai lake kiganjani kama mtu aliyebeba kifaranga. Kesho yake, tena. Yai moja.

"Papa, nunua trei!" yule msusi akapiga kelele.

"Bahili huyo!"

"Iko na mguu ya kuchezea bure, kila siku duka!"

Na mimi kwenye maiki: "Niacheni jamani, mayai mawili yatagombana njiani!"

Halafu mzee akafungua friji. Mayai. Kila rafu, mayai, yamepangwa vizuri. Akaweka na hilo la leo, akafunga, akala mkate.

Nilishafungua mdomo. Nikakuta hamna kitu ndani.

Mbele kabisa, kwa sababu ya miguu yake, huwa anakaa mama mmoja wa Bukavu. Anauza mboga kwenye kona ya mtaa wetu, Berea. Akasema, tena taratibu, kama anaongea na kikombe chake:

"Iko anaenda kusalimiwa."

Watu wakamgeukia.

"Niko na muteja wa vile," akaendelea. "Ananunua nyanya moja. Kesho, moja. Hata mufuko hataki."

"Nani huyo, mama?" msusi akaruka. "Sema tumujue!"

"Muteja ni muteja. Siwezi kumusema."

"Ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Ni mutu."

Hakugeuza shingo. Mimi niliangalia waya wa maiki, nikaufuata mpaka ukutani unakoishia. Kwangu dirishani, saa ileile, kulikuwa na nyanya zimejipanga kama kwaya, zile za mwanzo zimeshaanza kuinama. Mimi sipiki. Nakula mkate na chipsi kule kule kwenye magari. Lakini kila jioni yule mama akinipa nyanya yangu ananiuliza, "Papa, magari ilikuambia nini leo?" Nami namwambia. Nilikuwa nadhani najificha vizuri.

Nikajaribu kujikomboa. "Jamani, huyu mzee…"

"Papa," mama akasema, "zima hiyo kitu. Tuko tunamusikia."

Nikazima. Ikabaki filamu peke yake. Sikuwahi kuusikia ule ukumbi: mashine ya picha inavuma, bomba la jikoni linadondosha, mtu anavuta pumzi. Yule msusi aliweka simu chini ya paja. Mkenya akavua miwani akaifuta, akaifuta, na haikuwa na kitu.

Mwishoni, kama alivyoahidi, mzee aliongea. Alipiga simu nyumbani. Akasema yuko salama, anakula vizuri, baridi siyo kali sana. Ukiacha salamu ya dukani, ndiyo maneno pekee ya kutafsiri kwenye filamu nzima, na hakuna aliyenigeukia. Ile sentensi kila mtu pale ndani ameshaisema.

Taa zilipowaka, kawaida huwa ni kelele mpaka jioni. Siku hiyo kila mtu alichukua kikombe chake akatoka. Maandazi yalibaki. Katikati ya wiki mchungaji akanipigia: filamu ilikuwa nzuri, ila watu wameondoka na huzuni, na ukumbi sasa amewapa kwaya. Mkenya naye akapiga. "Pole boss, nimekuharibia." Nikamwambia sharp, hakuna shida. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, utadhani naigizia mtu mwingine.

Jumamosi miguu yenyewe ikanipeleka Observatory, kwa mazoea. Nikasimama nje. Wanaimba vizuri, siwezi kusema uongo. Nikashuka kwa miguu mpaka Berea, kwenye kona ya mama.

"Nisaidie nyanya."

"Ngapi?"

"Moja."

Akaniangalia. "Leo nyanya hakuna," akasema, na zilikuwa hapo mbele yake, fungu kwa fungu, nyekundu. Akavuta kreti tupu, akaigeuza. "Ikala hapa. Unitafsirie hawa batu banapita."

Nikakaa. Pale robot, zile taa za barabarani, alisimama bwana mmoja na godoro kichwani. Nikampa sauti: analiambia godoro lisimwambie mtu kwamba usiku huwa analia. Mama akacheka akashika kiuno. Akapita mlinzi, nikampa yake. Akapita mwanamke na mbwa, nikampa mbwa.

Mama akajifuta macho.

"Na wewe, papa? Wewe unasema nini?"

Nikaangalia robot. Ilikuwa nyekundu. Ikawa kijani, watu wakavuka, ikarudi nyekundu. Mama alikuwa bado anangoja.